Rimu Iliyopinda: Ipi Inyooshwe na Ipi Ibadilishwe

Anayeendesha gari Mombasa hukutana na mambo mengi yawezayo kupinda rimu: mashimo yanayofunikwa na maji wakati wa masika, lami iliyokunjamana kwa uzito wa malori yatokayo bandarini kupitia Changamwe na Miritini, kingo za barabara zilizomong'onyoka, matuta yasiyopakwa rangi, na mteremko wa feri ya Likoni unaozidi kuwa mkali maji yanapokupwa. Mara nyingi dereva husikia kishindo, husimama kando, huona tairi lingali na upepo, kisha huendelea na safari yake. Baada ya siku chache usukani huanza kutetemeka, au tairi moja huanza kupungua upepo kila asubuhi, na hapo ndipo linapozuka swali la kuipeleka rimu kwa fundi ikanyooshwe au kununua nyingine.

Wengi huanza kwa kuuliza bei. Ninaomba bei iwe swali la mwisho, kwa kuwa rimu ndiyo inayobeba gari na waliomo ndani yake, na ikivunjika kwenye mwendo hakuna breki wala usukani utakaoifidia. Kwanza ijulikane kama kweli ni rimu iliyopinda, kisha imetengenezwa kwa metali gani, imepinda mahali gani, na kama ina ufa. Mwenye majibu hayo manne atakuwa ameshajua njia zilizo salama, na ndipo bei itakapomsaidia kuchagua miongoni mwa hizo peke yake.

Tuanze na dalili. Usukani unaotetemeka gari likifika takriban kilomita 80 kwa saa, na pengine ukatulia likipita 100, huashiria gurudumu la mbele lisilo na mizani, ama kwa kuwa rimu imepinda, ama kwa kuwa kipande cha risasi cha kubalansi, yaani kizito kidogo kinachobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke sawasawa, kimedondoka. Mtetemo ukisikika zaidi kwenye kiti kuliko mikononi, chunguza magurudumu ya nyuma. Gari linalotikisika hata kwa mwendo wa polepole wa mtaani lina tatizo kubwa zaidi, ambalo huenda ni rimu iliyobonyea sana, au tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimeachana. Linalovuta upande mmoja bila kutetemeka kwa kawaida huhitaji alainimenti, yaani kunyooshewa mwelekeo wa magurudumu, au upepo, na linalotetemeka unapokanyaga breki tu lianziwe kwenye diski za breki. Jaribio la mwendo mkubwa lifanyike kwenye barabara kuu inakoruhusiwa, kwa mfano baada ya kupita Mariakani, wala si ndani ya mji ambako kikomo ni kilomita 50 kwa saa.

Hapa pwani pana jambo ambalo wenzetu wa bara hawakutani nalo sana. Hewa ya chumvi huila alumini chini ya rangi, na baada ya miaka michache ungaunga mweupe hujijenga pale ambapo tairi hukaa juu ya rimu. Upepo hupenya polepole kati ya ungaunga huo na mpira, na mwenye gari huambiwa kwamba rimu yake imepinda. Kabla hujakubali maneno hayo, paka maji ya sabuni kuzunguka ukingo wote, upande wa nje na wa ndani, na kwenye valvu pia. Povu likitokea mahali pamoja pafupi, hasa penye mbonyeo unaoonekana, basi rimu imepinda. Likitokea hapa na pale katika mzunguko mzima, kinachohitajika ni kutoa tairi, kusugua ungaunga huo kwa mkono mpaka metali safi ionekane, kupaka dawa ya kuzibia ukingo na kurudisha tairi. Hiyo ni kazi ya fundi wa pancha, na haina haja ya nyundo.

Chumvi hiyohiyo huacha kutu kwenye habu, yaani ule uso wa chuma ambao rimu huuegemea inapofungwa. Ganda jembamba la kutu likiwa upande mmoja tu wa habu hulalisha gurudumu zima, na kadiri unavyotoka katikati kwenda ukingoni ndivyo kuyumba kunavyoongezeka, hata rimu nzima kabisa ikaonekana imepinda. Kwa hiyo fungua gurudumu, sugua habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya, pangusa, funga tena, kisha ndipo upime.

Kupima hakuhitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu yatakayobaki chini, inua gurudumu la mbele kwa jeki, kisha litue gari juu ya stendi imara na utie giya ya nyutro. Mtu asiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka tofali karibu na gurudumu na ulaze bisibisi juu yake, ncha yake ikibakiza nafasi ya upana wa karatasi chache kati yake na ukingo wa rimu. Sasa zungusha gurudumu polepole huku macho yako yakitazama nafasi hiyo tu. Ikipanuka na kusinyaa taratibu katika mzunguko mzima, ama rimu haikukaa sawa kwenye habu, ama imepinda yote kutoka katikati, na hilo la pili ni baya. Ikibadilika ghafla katika kipande kifupi kisha ikarudi kama ilivyokuwa, huo ni mbonyeo wa pigo, nawe utie alama ya chaki pale pale. Rudia zoezi hili bisibisi ikiwa imeelekezwa ubavuni mwa rimu, kisha ikiwa imeelekezwa juu yake, kwa sababu rimu inaweza kuyumba kushoto na kulia, inaweza kupoteza mviringo wake, au vyote viwili kwa pamoja. Kwa magurudumu ya nyuma, ambayo mara nyingi ndiyo yanayoshikwa na breki ya mkono, ni rahisi zaidi kuyahamishia mbele na kuyapima huko.

Usisahau upande wa ndani. Spoki za rimu huwa karibu na uso wa nje na huutegemeza ukingo wa nje, ilhali ukingo wa ndani umening'inia bila msaada, na ndio unaopinda mara nyingi zaidi. Mtu anaweza kulizunguka gari lake akaona rimu zote nne ziko sawa, kumbe moja imebonyea kule ambako macho hayafiki mpaka gurudumu lifunguliwe. Kuhusu vipimo, Toyota, ambayo magari yake yamejaa katika barabara zetu, huandika katika vitabu vya ufundi vya magari yake mengi madogo kwamba tairi lisiyumbe zaidi ya milimita 1.4 likizungushwa. Macho ya kawaida huweza kutambua kuyumba kwa kiasi hicho mbele ya ncha ya bisibisi, na kinachozidi hapo chapasa kuangaliwa na fundi mwenye kipimo cha mshale.

Baada ya kujua mbonyeo uliko, tafuta ufa. Hatua hii hurukwa kuliko zote, nami naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Tairi litolewe, rimu ioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri. Paka mafuta ya taa mahali palipopigwa, kwenye shina la kila spoki, na kuzunguka matundu ya nati, uyaache kwa muda ili yapate kupenya. Yapanguse mpaka pakauke kabisa, kisha upake unga wa chaki nyeupe ya shuleni juu yake. Palipo na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari wa rangi iliyokolea kwenye ule weupe, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Usiridhike na kuangalia mbonyeo peke yake, kwa maana nguvu ya pigo husafiri, na ufa unaweza kuanzia upande wa ndani nyuma ya spoki ilhali ukingo unaonekana umepinda kidogo tu.

Ufa ukionekana kwenye rimu ya alumini, uamuzi umeshafanyika: rimu hiyo ibadilishwe. Wapo watakaokuambia kwamba itachomelewa na kusagwa hata usijue ilikuwa imepasuka. Ni kweli kwamba hutajua, na kwangu hilo ndilo linalotisha, kwa sababu moto wa kuchomelea hulainisha metali kandokando ya kiungo, na kila mzunguko wa gurudumu hupinda na kupindua sehemu hiyo tena na tena mpaka ufa mpya uzaliwe pembeni mwa ule wa zamani. Sikubaliani na kuchomelea rimu ya alumini kwa namna yoyote, iwe ya gari la nyumbani au la kubebea abiria.

Rimu za chuma, zile zinazofunikwa kwa kepu za plastiki na ambazo Probox nyingi za kazi huzitumia, zina habari fupi. Chuma chake ni laini kiasi, hupinda kabla ya kupasuka, na hukubali kurudishwa. Ukingo uliobonyea unaweza kunyooshwa kwa nyundo na kipande cha chuma cha kuegemeza nyuma yake, bila moto, na rimu ikaendelea kufanya kazi kwa miaka. Isikubaliwe ikiwa imepinda pale sahani ya katikati inapoungana na duara la nje, ikiwa matundu ya nati yamepanuka na kuwa na umbo la yai, ikiwa kutu imekula mpaka chuma kinabanduka magamba, au ikiwa mahali palepale pamewahi kunyooshwa zamani. Kwa kuwa rimu za chuma zilizotumika hupatikana kwa urahisi na kwa bei ya chini kuliko za alumini, mara nyingi hata ile inayofaa kunyooshwa haistahili gharama ya kunyooshwa.

Za alumini, ambazo wauzaji huziita spoti rimu, zinataka maelezo marefu, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa zaidi na mikono yenye nia njema. Nyingi za magari ya kawaida humiminwa kwa aloi ya alumini yenye takriban asilimia 7 ya silikoni na magnesiamu kidogo sana. Ikishamiminwa, rimu hupashwa joto hadi takriban nyuzi 540 za Selsiasi, hupozwa ghafla majini, kisha hurudishwa katika tanuri la joto dogo, nyuzi 150 na kitu, kwa saa kadhaa. Nguvu zake hutokana na mpangilio huo wa joto na muda. Ukiipasha tena kupita kiasi, unavuruga kazi yote iliyofanywa kiwandani, na huwezi kuirejesha kwa kuiacha ipoe kivulini.

Sasa mtazame fundi akiwa na mtungi wa gesi ya kuchomelea, ambayo moto wake wa oksijeni na asetilini hupita nyuzi 3000. Akipasha chuma, chuma humwambia kilipofika: huwa chekundu iliyokolea, kisha chekundu iliyoiva, kisha rangi ya chungwa. Alumini haimwambii neno. Hubaki na rangi yake ya fedha mpaka inapokaribia kuyeyuka, jambo ambalo kwa aloi hii huanza kwenye nyuzi 560 hivi. Kwa hiyo fundi hupasha, hugonga, huona metali imekuwa tiifu, rimu hurudi kuwa duara, na wote wawili huondoka wameridhika. Kipande kile kilichopata moto kimebaki laini, na shimo dogo lililofuata, ambalo rimu nzima ingelivumilia, ndilo litakaloipinda tena au kuipasua. Baadhi ya watengenezaji wa magari hawakubali kabisa rimu zao za alumini zinyooshwe, na sababu yao ni hiyohiyo.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila rimu ya alumini iliyopinda itupwe. Mbonyeo mmoja, usio na kona kali, ulio kwenye ukingo wa ndani na mbali na spoki, unaweza kunyooshwa na mtu mwenye vifaa vyake. Rimu hufungwa kwenye mhimili unaozunguka, kipimo cha mshale huonyesha imepotoka milimita ngapi, na jeki ya haidroliki huusukuma ukingo polepole kupitia kipande cha mbao ngumu au nailoni, huku joto likiwa dogo na likipimwa kwa kipimajoto. Kisha hupimwa tena, husukumwa tena kidogo, na mwisho hukaguliwa upya kama imepata ufa, kwani kunyoosha kwenyewe kunaweza kuupasua ukingo. Mimi nisingekubali kunyoosha uliobonyea zaidi ya milimita tano hivi, wala rimu yenye mibonyeo miwili au zaidi, wala iliyowahi kunyooshwa, wala iliyopinda kwenye spoki au katikati.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, iwe Mwembe Tayari, Kongowea au Magongo, msalimu, mpe pole na kazi, halafu umwulize kabla hajaigusa rimu: "Fundi, hii utainyoosha kwa moto au kwa jeki? Na joto utalipima kwa kifaa gani?" Fundi anayeijua kazi yake hufurahia swali hilo na atakuonyesha kifaa chake. Akijibu, "Bosi, wewe niachie, mimi najua kwa jicho," mshukuru kwa heshima na uichukue rimu yako. Jicho lake linaweza kuwa limetosha kwa chuma miaka yote, lakini katika alumini halina la kuona.

Sasa ndipo bei iulizwe. Jumlisha gharama yote ya kunyoosha, pamoja na kutoa na kurudisha tairi, kubalansi na nauli, kisha ulinganishe na rimu moja iliyotumika ya aina hiyohiyo. Kunyoosha kukizidi nusu ya bei ya rimu nzima, ningenunua nyingine, kwa kuwa iliyonyooshwa haina tena maisha kamili mbele yake. Mombasa ina bahati katika hili, kwani rimu zilizotumika kutoka Japani hushukia bandari ya Kilindini, na si lazima ununue seti nzima ya nne kwa sababu ya moja, ilimradi upate mwenzake wa kipimo kilekile.

Kipimo hicho kina mambo zaidi ya inchi. Idadi ya matundu ya nati na upana wa duara linalopita katikati ya matundu hayo lazima vilingane: Vitz ina matundu manne kwenye duara la milimita 100, Premio ina matano kwenye duara hilohilo la 100, ilhali X-Trail na Harrier zina matano kwenye milimita 114.3. Tundu la katikati nalo liikumbatie habu. Rimu za Subaru Impreza zenye matundu matano kwenye 100 huingia kwenye Premio bila ubishi, lakini tundu lake la katikati ni milimita 56.1 na habu ya Premio ni 54.1, kwa hiyo bila pete ya kuziba ile nafasi, gurudumu linaweza kukaa pembeni kidogo na mtetemo ukarudi siku ileile. Angalia pia ofseti, yaani umbali kati ya uso unaoegemea habu na katikati ya upana wa rimu, iliyopigwa muhuri nyuma ya spoki, kwa kuwa rimu iliyotoka nje au kuingia ndani kupita kiasi hukwaruza bodi au shokabzoba na kuzichosha beringi. Na rimu iliyotumika ipimwe dukani kabla ya kulipa: izungushwe kwenye mashine ya kubalansi bila tairi, uangalie ukingo wa ndani, na ukiona rangi mpya nzito upande wa ndani peke yake, jiulize inaficha nini.

Ikiwa gari lako linapinda rimu kila mara, huenda tatizo ni tairi lenye ubavu mfupi. Tairi la 195/65R15, yaani lenye upana wa milimita 195, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo na rimu ya inchi 15, lina ubavu wa takriban milimita 127 kati ya rimu na barabara. La 225/45R17 lina 101, na la 215/35R18 lina 75 tu. Kurudi kwenye rimu ndogo ambayo mtengenezaji ameiruhusu kwa gari hilo, mradi ipite juu ya kalipa za breki (vibano vinavyobana diski) na kipenyo cha nje cha tairi kibaki kilekile, kutakuokolea rimu nyingi kuliko fundi yeyote.

Pigo lililopinda rimu halikuliacha tairi salama. Litazame ndani na nje. Nundu yoyote ubavuni ina maana kwamba nyuzi zimekatika, na tairi hilo halirudi barabarani hata kama rimu imepona. Mwambie fundi aangalie pia bolijointi, ncha za usukani na beringi za gurudumu hilo, na alainimenti ipimwe baada ya rimu kutengenezwa au kubadilishwa, si kabla. Katika siku za kungoja, ukitumia tairi dogo la akiba, lijaze upepo wa psi 60 na usizidi kilomita 80 kwa saa.

Wakati wa kufunga, kumbuka nati. Rimu nyingi za alumini zilizotoka na gari la Toyota kiwandani hutumia nati zenye shingo ndefu na washa bapa, ilhali za chuma na nyingi za kununuliwa kando hutumia nati zilizochongoka. Zikichanganywa, gurudumu litaonekana limekaza kumbe limeshikwa na sehemu ndogo tu ya metali. Kaza kwa mkono kwanza, kisha kwa spana ukiruka kutoka nati moja hadi iliyo mkabala wake, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka Nm 103 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikague tena.

Rimu iliyokataliwa isiachwe kwenye kona ya karakana. Alumini ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na ikiondoka ikiwa nzima, yupo atakayeipaka rangi na kuiuza tena. Mwombe fundi aipitishe grainda mpaka ikatike vipande viwili mbele ya macho yako, ndipo uiuze kwa kilo.